Maswali Yanayotangulia Bei

Hotuba kwa vijana watengenezaji wa tovuti, Arusha

Wazee mliokaa pale mbele, shikamooni. Vijana wa kazi, habari za mchana.

Waandaaji waliniomba nizungumzie bei za tovuti. Niliwaomba ruhusa nizungumzie mazungumzo yanayotangulia bei, kwa sababu kila ninapomsikia fundi akilalamika kwamba mteja kampunja, nikimdodosa kidogo nakuta bei haikuwa tatizo. Alianza kazi bila kujua anamfanyia nani, anafanya nini, na nani ataleta maneno na picha.

Mnaijua ile meseji. "Mambo, websaiti sh. ngapi?" Haina jina la mtu wala la kampuni, na kwenye profaili kuna picha ya simba. Wengi wenu mnajibu papo hapo: "Laki tano bosi, inazungumzika." Naona huko nyuma mnacheka, basi mnajijua. Ukishajibu hivyo umetaja bei ya kitu usichokijua, tena umeshamwambia kwamba utashuka. Kuanzia hapo kila atakachoongeza kitaingia ndani ya ile laki tano, na wewe utakuwa unaomba radhi kila ukitaka kuongeza senti.

Sasa nawaambia jambo moja la hapa hapa Arusha. Wateja wetu wakubwa ni wenye kampuni za utalii, na hao ni mabingwa wa kumchuja mteja kuliko sisi. Mgeni wa Ujerumani akiwaandikia "safari bei gani?", hakuna anayemjibu kwa namba. Anaulizwa: mnakuja mwezi gani, mko wangapi, kuna watoto na wana umri gani, mnataka hema au loji, mna siku ngapi, mnamalizia Zanzibar au mnarudi moja kwa moja? Kila swali lina sababu yake. Anayetaka kuona nyumbu wakizaa atapelekwa Ndutu kati ya Januari na Machi, na anayetaka kuwaona wakivuka Mto Mara atapelekwa kaskazini mwa Serengeti kuanzia Julai. Loji ile ile ina bei yake ya Aprili na bei yake ya Agosti. Mtoto ana kiwango chake cha ada ya hifadhi. Mgeni wa Mlima Kilimanjaro ndiyo anaulizwa zaidi: umewahi kufika mita 4,000? Una pumu, una presha? Unataka Marangu ulale kwenye vibanda, au Machame ulale kwenye hema?

Mgeni hakasiriki kwa maswali hayo. Anaona yuko mikononi mwa watu wanaojua kilele cha Kibo kina mita 5,895 na kwamba atakipanda kwa miguu yake mwenyewe. Na katikati ya maswali, mwenye kampuni anamtambua mgeni wa kweli na anamtambua yule anayekusanya bei kwa kampuni kumi ili achukue ya chini. Huyo wa pili anajibiwa kwa adabu, lakini hatengenezewi ratiba ya siku nane usiku wa manane.

Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku, akija kwako umuulize maswali, atakushangaa? Atakushangaa usipomuuliza.

Kuna mtindo umeingia wa kunakili fomu ndefu kutoka ng'ambo. Maswali arobaini, na humo ndani mtu anaombwa aeleze haiba ya chapa yake kwa maneno matatu, au aseme kampuni yake ingekuwa mnyama ingekuwa mnyama gani. Mteja wa mtaa wa Sakina anayefukuzana na marejesho ya gari atalifungua hilo dude, aliangalie, alifunge. Hata mimi nisingelijaza. Sisi ni watu wa kuongea. Huyo huyo aliyeshindwa kujaza fomu atakutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne akiwa ndani ya Land Cruiser njiani kwenda Karatu, na ukiusikiliza mara mbili utakuta yamo yote: biashara ilianzaje, nani amemkwaza, wageni anawapata wapi, pesa ipo au haipo. Kwenye tovuti yako weka fomu fupi: jina, namba ya WhatsApp, biashara yenyewe, anwani ya tovuti iliyopo kama ipo, na sehemu moja ya kueleza anachotaka. Mengine uliza kwa mdomo. Kuandika ni kazi yako wewe, siyo yake, na hilo nitalirudia baadaye.

Swali ninalopenda litangulie ni hili: mtu akifika kwenye tovuti yako, unataka afanye nini? Wengi watajibu "atufahamu." Usikubali likaishia hapo. Akishakufahamu? "Atuandikie." Akuandikie kwa barua pepe, kwa WhatsApp, au ajaze fomu ya maombi ya safari? Nani anazijibu, na usiku nani yuko macho, maana Marekani kukiwa mchana huku watu wamelala? Kuna kampuni ambayo kazi yake yote inatoka kwa mawakala wa nje. Mwenyewe anachohitaji ni kurasa chache safi ambazo wakala akizitazama ataamini kwamba ofisi ipo na magari yapo. Kampuni nyingine inategemea mgeni mmoja mmoja anayetafuta "Lemosho siku 8", njia mojawapo ya kupanda Kilimanjaro, kwenye Google. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, zina bei tofauti, na kwenye ile meseji ya kwanza zote zilisomeka "websaiti sh. ngapi."

Halafu uliza nani atasema "sawa, iweke hewani." Anayekupigia anaweza kuwa kijana wa masoko aliyeajiriwa juzi. Mwenye kampuni yuko porini na wageni, na mbia mwenye pesa yuko Hamburg na ana maoni yake kuhusu rangi ya kijani. Mtafanya kazi miezi miwili na kijana mkiitana kaka na kaka, halafu siku ya mwisho Hamburg inaamka na kusema haiipendi. Kumuuliza mtu "wewe una mamlaka?" ni kumvunjia heshima, kwa hiyo usiulize hivyo. Sema, "Kaka, ukiacha wewe, kuna mwingine ambaye ni vizuri aione kazi mapema ili tusije tukarudia?" Atakutajia. Kama ni mzee mwenye kampuni yake mwenyewe, muulize, "Mzee, ofisini nani nitakuwa nawasiliana naye ukiwa safarini?" Hapo umeshajua nani anaamua na nani anatekeleza, na hakuna aliyeumia.

Sasa nifike mahali ambapo tovuti nyingi za mji huu zimekwama. Hazikukwama kwenye msimbo wa kompyuta wala kwenye muundo. Zimekwama kwenye maneno na picha.

Mteja anasema anataka "tovuti ya kawaida, kurasa tano." Chukueni kalamu tuhesabu. Mnauza mlima? Ndiyo. Njia zipi? Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe. Siku ngapi? Kila njia ina ratiba mbili, fupi na ndefu: Marangu ya siku 5 na ya siku 6, Lemosho ya siku 7 na ya siku 8, na kuendelea. Hizo ni kurasa 10 tayari, na bado Meru hatujaigusa. Safari za hifadhini: za siku 2, 3, 4, 5, 7 na 10, za hema na za loji. Hizo ni 12. Safari za siku moja: Materuni, Chemka, Hifadhi ya Arusha. Ongeza Zanzibar. Ongeza ukurasa wa vifaa vya mlima, wa malipo kwa wapagazi, wa masharti ya kughairi. "Kurasa tano" zimekaribia 30. Na kila ratiba inataka maelezo ya siku kwa siku, umbali, kimo cha kila kambi, kilichomo ndani ya bei na kisichokuwemo, na bei yenyewe kwa mtu mmoja, wawili, wanne, sita.

Nani ataandika hayo yote? Uliza swali hilo wazi na unyamaze. Mara nyingi jibu litakuwa, "Hiyo ni kazi ndogo, chukua kwenye tovuti ya fulani, badilisha jina." Mkatalie kwa upole lakini mkatalie. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na maandishi ya mtu ni mali yake hata kama ni maelezo ya kambi ya Barranco. Tena hata ukiiacha sheria pembeni, mgeni anafungua tovuti sita kwa pamoja kabla hajaandikia kampuni yoyote. Akikuta aya ile ile, na kosa lile lile la tahajia, kwenye tovuti tatu, atazifunga zote tatu. Mwambie mteja hivyo, ataelewa haraka kuliko ukimtajia sheria.

Njia zilizobaki ni chache. Aandike mwenyewe, na mkubaliane tarehe. Au mwongozaji wake mzoefu akurekodie sauti, anayejua ukitoka Shira kwenda Lava Tower mwili unajisikiaje, nawe uandike na uitoze kama kazi ya uandishi. Au mtafute mwandishi, alipwe na mteja. Yoyote kati ya hizo ni sawa, mradi iwe imetajwa kabla ya bei. Isipotajwa, maana yake ni kwamba utaandika wewe, bure, huku ukiulizwa mbona umechelewa.

Picha vivyo hivyo. Nani alipiga? Wageni wanaoonekana usoni walikubali kuwekwa mtandaoni? Zitaletwaje? Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inafika imebanwa, na simba anakuwa kama paka wa jirani. Waambie watume kama faili, au waziweke kwenye Google Drive. Na kampuni ambayo haina hata picha moja ya gari lake, ya mwongozaji wake au ya mgeni wake, muulizeni mwenyewe taratibu kwa nini.

Kwa sababu lipo jambo la leseni. Kampuni ya utalii nchini inatakiwa iwe na leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, kampuni yenyewe iwe imesajiliwa BRELA kwa msajili wa kampuni, iwe na TIN, namba ya mlipakodi. Kuomba kuziona si ujeuri. Unaziomba kwa sababu utaziweka chini ya ukurasa ili mgeni aamini, na ndivyo utakavyomwambia. Mwenye nazo atakutumia kabla hujamaliza sentensi. Asiyekuwa nazo atakuletea hadithi. Kampuni mpya inayofuatilia vibali ni jambo la kawaida, mpe muda. Lakini mtu anayekuomba uweke maoni ya wageni ambao hajawahi kuwahudumia, na picha za magari ya watu, huyo anataka umsaidie kumwibia mtu ambaye atashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na begi lake akakuta hakuna wa kumpokea. Kazi hiyo iacheni ipite hata kama mfuko umekauka. Mji huu wote unakula kutokana na mgeni huyo kuamini kwamba atapokelewa.

Mteja mwenye tovuti ya zamani ana maswali yake. La kwanza: domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, imeandikishwa kwa jina la nani, na barua pepe ya kukumbushwa kuhuisha inaenda kwa nani? Utashangaa ni kampuni ngapi zimeandika anwani ya tovuti kwenye milango ya magari yote na kwenye fulana za wapagazi, wakati domeini yenyewe iko kwenye akaunti ya fundi aliyekwenda kusoma nje akabadilisha namba. Domeini ya .com ikiisha muda na isihuishwe, mwishoni inaingia kipindi cha kukombolewa cha siku 30, ambapo kuirudisha ni ghali kuliko kuilipia kawaida, kisha inaachiwa, na yeyote anaweza kuichukua. Za .tz zinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zinauzwa na wasajili walioidhinishwa. Kama mteja ana hoteli, mjulisheni kwamba kuna hata .hotel.tz. Iwe .com au .co.tz, mwenye jina awe mteja. Wewe uwe msaidizi. Kuna wenzetu wanaishikilia domeini ili mteja asihame. Mimi naiita tabia hiyo kwa jina lake, ni kumteka mtu biashara yake.

La pili, ambalo vijana wengi hawaliulizi: barua pepe zako zinapita wapi? Kampuni nyingi barua pepe zao ziko kwenye hostingi, yaani kompyuta ya kukodi inayohifadhi tovuti, ile ile ya tovuti ya zamani. Wewe unakuja na furaha yako, unahamisha tovuti, unabadilisha njia za domeini, tovuti mpya inang'aa, na barua za wageni hazifiki tena. Mwenye kampuni anagundua baada ya siku kadhaa, wakala wa Ufaransa anapompigia simu kuuliza mbona kimya. Maombi yaliyoanguka humo hutayarudisha.

La tatu ni la kibinadamu zaidi: mlikosana nini na fundi wa kwanza? Sikiliza vizuri. Kama fundi alitoweka, ni bahati mbaya, inatokea. Kama mteja anaeleza kwamba mafundi watatu waliopita wote walikuwa wezi na wajinga, jua wa nne anatafutwa. Muulize pia, bila kumung'unya maneno, kama wanadaiwa. Usirithi deni la mtu.

Kuhusu malipo nitapita haraka. Mteja akisema "nataka mgeni alipe kwa kadi humo humo," usimjibu kwamba ni rahisi. Muulize kama ameshafungua akaunti ya kupokea kadi benki au kwa watoa huduma kama Pesapal, DPO au Selcom. Wanaomba nyaraka, wanakagua, na wanaamua kwa muda wao, siyo kwa muda wako. Ukiweka malipo ya kadi ndani ya ahadi yako ya tarehe, umeahidi kitu kilicho mikononi mwa benki. Na kampuni nyingi bado wanaomba mgeni atume kianzio kwa benki, salio alipe akifika. Kama hivyo ndivyo wanavyofanya na inawafaa, msiwauzie kitu wasichokihitaji.

Kwenye taarifa za wageni, simameni kidogo. Fomu ya mgeni wa mlima inabeba jina, pasipoti, umri na hali ya afya. Tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022, na Tume yake ipo. Wageni wa Ulaya nao wana sheria yao ya taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, na wanaijua. Kwa hiyo uliza: mnahitaji taarifa gani hasa siku ya kwanza, na nyingine zinaweza kusubiri mpaka mgeni athibitishe? Nani ofisini anaziona? Zinakaa wapi? Mara nyingi utagundua pasipoti za watu zimejaa kwenye simu ya mtu mmoja aliyeacha kazi. Ukimweleza mwenye kampuni jambo hilo kwa utulivu, ataanza kukuheshimu kwa namna nyingine.

Muda nao una majira yake hapa. Mtu akikujia Mei akisema anataka tovuti iwe tayari Juni, uliza kuna nini Juni. Mara nyingi ni maonyesho ya Karibu-KiliFair, na hilo ni jambo la kweli, lina tarehe isiyosogea. Machi kuna wanaokwenda ITB Berlin. Tarehe za namna hiyo ziandikeni kwa wino. Lakini kama anasema anataka wageni wa Julai, mwambie ukweli: wengi wa wageni hao walishaweka nafasi miezi iliyopita, kwa hiyo tuifanye vizuri kwa ajili ya msimu unaofuata. Na jueni hili kwa faida yenu: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba mwenye kampuni hapatikani. Yuko uwanja wa ndege, yuko getini Londorosi, yuko gereji. Ukimwomba aandike maelezo ya Rongai mwezi Agosti unajisumbua. Masika, Aprili na Mei, ofisi zimetulia, waongozaji wako nyumbani, ndiyo miezi ya kukusanya maneno. Kazi ya kuanza Julai ipangieni ratiba ndefu au iwekeni mpaka Novemba.

Haya, pesa. Ukimuuliza mtu "umetenga kiasi gani?" atakujibu "wewe taja bei yako." Hiyo ni kawaida yetu, tumelelewa sokoni, hakuna anayeonyesha pesa kwanza. Usilumbane naye. Kwa kuwa umeshajua kurasa, lugha, maneno yanatoka kwa nani na tarehe, mpe kiwango cha chini na cha juu. Tuseme kwako kazi ya namna hiyo inaanzia milioni moja na nusu, na ikiwa na ratiba zote na Kijerumani inafika milioni nne. Mwambie hivyo, kisha umuulize alikuwa anafikiria upande upi. Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini tunaweza kuongea." Nyamaza kabisa. Atakayeshtuka amekuokolea wiki kadhaa, na mtaagana vizuri. Atakayesema "huo upande wa chini kidogo" ameshakuambia bajeti yake.

Na kabla hamjapeana mikono, uliza kama kampuni itakata kodi ya zuio, yaani kodi inayotolewa kwenye malipo yako kabla hujayapokea na kupelekwa TRA, mamlaka ya mapato. Kwa huduma kama yetu ni asilimia 5. Kwenye milioni 2 inakatwa 100,000, unapokea 1,900,000, na unapaswa kupewa cheti cha zuio ili uitumie kwenye hesabu zako za TRA. Uliza pia kama wanahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mtu wa uhasibu atayauliza tu mwishoni, na mwishoni ndipo ugomvi unapozaliwa.

Nizungumze na wale wanaopata kazi za nje kwa barua pepe, kwa sababu kuna utapeli mmoja umezunguka dunia nzima na unawalenga watengenezaji wa tovuti hasa. Barua inakuja kwa Kiingereza kilichopinda kidogo. Mtu anafungua biashara, labda ya kusafirisha mazao. Anakutajia bajeti nono, dola elfu kadhaa, kabla hujauliza chochote. Anakuonyesha tovuti ya mfano. Anauliza kama unapokea kadi. Simu hawezi kuzungumza, anaumwa au ana tatizo la masikio. Nembo na maandishi yako kwa "mshauri" wake, na mshauri huyo hapokei kadi. Basi anakuomba umkate kwenye kadi pesa ya tovuti pamoja na pesa ya mshauri, kisha umtumie mshauri sehemu yake. Unafanya hivyo, unajiona umefungua njia. Kadi ilikuwa ya wizi. Mwenye kadi anapinga malipo, benki inarudisha pesa zote kutoka kwako, na zile ulizomtumia mshauri kwa pesa taslimu hazirudi.

Angalieni ni nini kinachomfichua: maswali yale yale ya kawaida. Ukimuuliza mteja wa kweli nani ananunua mazao yake, ataongea mpaka umchoke. Tapeli hajibu swali la biashara, anarudi kwenye kadi. Hapa nyumbani wapo wanaofanana naye. Mtu anakuambia ana kazi ya tovuti ya taasisi ya serikali, umpe kitu kidogo akupitishie jina. Muulizeni namba ya zabuni. Manunuzi ya umma siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST, kama namba haipo kazi haipo. Na wapo wasiokuwa matapeli ila wanaomba mafundi watano kila mmoja "achore kidogo tuone" bure. Waonyesheni kazi mlizokwisha kufanya. Mchoro mpya ni baada ya kianzio.

Nilisema kuandika ni kazi yenu. Mkishamaliza kuongea, siku hiyo hiyo, ukiwa bado unaikumbuka sauti yake, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi. Kampuni fulani, inataka wageni wafanye hivi, ratiba ni hizi na hizi, maelezo ataandika fulani hadi tarehe fulani, picha zinatoka kwa fulani, domeini ni ya mteja, anayekubali kazi ni fulani, barua pepe zitabaki pale pale, kadi haimo kwa sasa, bei ni kati ya hapa na hapa. Mtumie na umuulize, "Nimeelewa sawa?" Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Akijibu "sawa kaka, ila Umbwe iondoe," hiyo ni hati yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ujumbe hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Simwombei mtu afike huko. Lakini siku akikuambia "mbona Kifaransa hakipo," unampandisha juu kwenye mazungumzo yenu, anasoma mwenyewe, na mnazungumza bei ya Kifaransa bila kugombana.

Asiyejibu ukurasa huo usimfukuze. Mkumbushe mara moja, kwa salamu, kisha endelea na wengine. Mtu anayeshindwa kusoma ukurasa mmoja kuhusu biashara yake hatakuletea maelezo ya kurasa 30.

Na wa kukataliwa, akataliwe vizuri, kwa sababu Arusha ni ndogo na utakutana naye kwa fundi wa magari. Usimwambie bajeti yako ni ndogo. Mwambie kwa hali ilivyo sasa kazi yake hutaitendea haki, na kama kuna anayeifanya vizuri kwa kiwango hicho, mpe namba yake, ukishamwomba ruhusa mwenye namba. Wale wenye laki tatu wanaohitaji tu kuonekana, waelekezeni wafungue ukurasa wa biashara kwenye Google, ni bure. Waweke picha, saa za kazi na namba ya WhatsApp, na wakianza kupata wageni watarudi kwenu wakiwa na maswali yao tayari.

Ukurasa ninaoutumia mimi kuandikia muhtasari, nimetoa nakala, ziko pale mezani karibu na mlango. Chukueni, mfute yasiyowahusu, muongeze ya kwenu. Wenye maswali, karibuni, tuanze na yule dada aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kodi ya zuio.